Yureta inareta: namna ya kuacha kuchanganya maneno ya kitabibu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mdogo wetu mmoja anayesoma uuguzi mwaka wa kwanza. "Shikamoo dokta, samahani kwa usumbufu. Nimepata sapu ya anatomia, narudia mtihani. Kusoma nasoma, ila maneno yanafanana mno, nikiingia kwenye mtihani yote yanakuwa neno moja." Nilicheka, ila si kwa kumcheka yeye. Kila aliyevaa koti jeupe nchi hii amepita hapo, na anayekataa ana lake.

Nikamjibu marahaba, nikamtumia mistari minne mitano. Baadaye nikaona haitoshi. Na niseme tu ukweli, jambo hili nina kinyongo nalo cha siku nyingi, leo nakitoa.

Mimi ni mtu wa Tarime. Kikurya hakina l. Ukikulia ndani yake, l na r ni sauti moja mdomoni na hata sikioni. Shule ya msingi haikunisumbua, maana darasa zima tulikura ugari na usiku tukarara, hakuna wa kumcheka mwenzake. Chuoni ndiko nilikokiona cha moto. Kilikuwa mbali na kwetu, kimejaa watoto wa mjini, na kulikuwa na mkufunzi wa anatomia, jina lake nalihifadhi, aliyekuwa na mchezo wa kunisimamisha nisome kwa sauti. Nikisoma pelvisi inatoka pervisi, naye anairudia polepole huku anawatazama wenzangu, darasa linavunjika mbavu. Siku moja akaniambia nieleze safari ya mkojo kutoka kwenye figo. Nikasema unaretwa na yureta. Walicheka mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani. Akaniambia kaa chini, mgonjwa hahitaji dokta wa kumchekesha.

Nikakaa. Lakini pale pale nilipokaa niliona kitu ambacho yeye, pamoja na vyeti vyake vyote, hakuwa amekiona. Yureta kweli inareta! Ndiyo kazi yake. Ni mirija miwili, kila figo na wake, inauleta mkojo kibofuni. Ile nyingine, yurethra, ni moja tu, na inautoa mkojo kibofuni kwenda nje. Wenzangu walikuwa wanakariri usiku kucha ipi ni ipi. Mimi ulimi walioucheka ulikuwa umeshanipa jibu. Mtihani wa mwisho wa anatomia niliongoza darasa, na aliyebandika matokeo ukutani ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo, ukitaka unaweza kuishia hapa: neno la kigeni lifunge kwenye neno la kwenu, kama mbuzi kwenye kigingi. Usilikariri likiwa peke yake, litakukimbia. Na usidhani ni mchezo wa mitihani tu. Kichocho cha mkojo, ambacho sisi wa Kanda ya Ziwa tunakijua, kinaweza kuziba yureta mpaka figo ikavimba na kufa taratibu, mgonjwa bado anakojoa kama kawaida kwa figo ya pili. Ukiandika yurethra kwenye faili, anayekuja zamu ya asubuhi anatafuta tatizo mahali ambapo halipo.

Na hilo neno "halipo" linanikumbusha. Haipo na haipa, vile vipande vinavyoanza maneno ya kitabibu. Hapa Mswahili amepewa zawadi na bado anaikataa. Haipoglaisemia: sukari haipo. Si kwamba imeisha kabisa, ila imeshuka. Haipotensheni: presha haipo, imeshuka. Haipa ni upande wa pili, kitu kimezidi. Nimewafundisha hivyo wanafunzi wa mazoezi kwenye kituo chetu na sijaona aliyesahau. Ila kwenye simu mbovu ya zamu ya usiku hata zawadi hiyo haitoshi, kwa sababu haipo na haipa zikisemwa haraka ni kitu kimoja. Mgonjwa wa kisukari anayetetemeka na kutoka jasho jembamba anahitaji sukari upesi. Ukisikia vibaya ukamchoma insulini, umemmaliza. Mimi kwenye simu silitaji neno lenyewe. Nasema sukari imeshuka, ni 2.1. Namba haina pacha.

Ileamu na iliamu. Ya kwanza ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, kabla haujaungana na utumbo mpana. Homa ya matumbo ikitoboa utumbo, mara nyingi hutoboa hapo. Ya pili ni mfupa mpana wa juu wa nyonga. Mama akishika kiuno ili amseme jirani vizuri, mkono wake umekaa juu ya iliamu. Ileamu ina e, funga kwenye embe, maana embe huliwa na hupita tumboni. Iliamu ina i mbili, funga kwenye kiuno. Tayari.

Mdogo wetu baada ya kuelewa hilo alinirudishia la kwake mwenyewe, nami nalileta hapa kwa idhini yake. Peritoniamu ni utando wa ndani ya tumbo, perineamu ni msamba. Tumbo lina t, msamba hauna. Peritoniamu ina t, perineamu haina. Mtu mwenye sapu! Mnaona sasa kwamba akili anayo, alichokosa ni mtu wa kumwonyesha njia bila kumcheka.

Jozi ninayoiogopa kuliko zote ni disfejia na disfezia. Disfejia ni shida ya kumeza, disfezia ni shida ya lugha, maneno hayaji au yanakuja yamevurugika. Mwenye kiharusi anaweza kupata moja, au zote mbili kwa pamoja, na ndiyo maana zinapotezana kwenye mafaili. Katika hospitali moja niliyopitia, sitaitaja, alilazwa bibi mwenye kiharusi, upande wa kulia umepooza. Kwenye faili aliyempokea aliandika disfezia. Binti yake akaja asubuhi na chupa ya uji wa ulezi, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Mimi nilikuwa napita kwenda kitanda kingine. Nikasikia bibi anakohoa. Kijiko cha pili, kikohozi kingine, halafu akaitikia jambo kwa binti yake na sauti ikawa inakoroma kwa majimaji, kama mtu anayesukutua. Nikamwambia binti, dada, ngoja kwanza. Nikamkalisha bibi wima, nikampa kijiko cha maji matupu huku vidole vyangu viwili viko kooni mwake. Koo lilichelewa kupanda, kisha kikohozi. Uji ulikuwa unamtafuta mapafuni, na uji ukifika huko nimonia ndiyo inayofuata. Tukasimamisha chakula cha mdomoni mpaka alipowekewa mpira wa puani. Kwenye raundi daktari bingwa aliuliza nani aligundua. Nilinyoosha mkono, sikuona haya.

Ukitaka kuifunga: disfejia kwa Kiingereza huandikwa kwa g, dysphagia, hata kama mdomoni inatoka j. G ya kugida. Ndiyo g ile ile iliyomo kwenye esofagasi, yaani umio. Hapo penye g, angalia koo kabla ya kuleta kijiko.

Wengine mtasema haya ni matatizo ya Kigiriki na Kilatini. Haya, njooni kwenye Kiswahili chetu. Nyonga na nyongo, mgonjwa mwenye maumivu ya ubavu anaposema kwa sauti ya chini, utasikia ipi? Kuvimba tumbo na kuvimbiwa ni shughuli mbili tofauti kabisa. Moja inaweza kuwa ini limeharibika, nyingine ni maharage ya jana. Pumu na jirani yake mwenye b sitaendelea nazo, watoto wanasoma hapa. Lakini niliwahi kumsikia mwanafunzi akimwambia mama mtu mzima kwamba dalili zake za joto na jasho la usiku ni "ukoma wa hedhi". Alikusudia ukomo. Mama wa watu alisikia ukoma, akaanza kujikagua vidole. Dakika nzima tulikuwa tunamtuliza. Kwa mgonjwa wa Kiswahili dawa ni ile ile kila siku: mwambie akuonyeshe kwa mkono. Nyonga ina mahali pake na nyongo ina mahali pake, mkono haukosei irabu.

Dawa ndiyo zimezidi. Kabamazepini ni ya kifafa, kabimazoli ni ya tezi ya shingo iliyozidisha kazi. Hidralazini hushusha presha, hidroksizini hutuliza muwasho wa mzio. Na msijione wajinga mkizichanganya, maana wakubwa wamekiri kabla yenu. Marekani kulikuwa na Losec ya kupunguza asidi tumboni, ikagombana na Lasix ya kukojoza, na mwaka 1990 Losec ikageuzwa jina kule, ikawa Prilosec. Mwaka 2016 Brintellix, ya sonona, nayo ikawa Trintellix kwa kuwa ilikuwa inachanganywa na Brilinta ya kuzuia damu kuganda. Ndiyo maana pia kwenye lebo nyingine mnakuta hydrALAZINE na hydrOXYzine, herufi kubwa zimepandishwa katikati ya jina. Hilo si kosa la mchapaji. Jicho linaambiwa lisimame hapo.

Sasa nyie vijana mnaopiga picha slaidi mia mbili halafu mnasema mmesoma, nisikilizeni. Picha haikariri. Chukua daftari la kawaida, kila ukurasa jozi moja, na chini yake neno la nyumbani kwenu ulilolifungia. Kiwe Kisukuma, kiwe Kihaya, kiwe kilugha ambacho bibi yako anakitumia kukugombeza, ndicho kitakachokuja kichwani saa tisa usiku wodi ikiwa imechafuka. Cha kukariri kitakuwa kimeshalala.

Na ukipokea maagizo kwa simu, usione aibu kuyarudisha: jina la dawa herufi kwa herufi, inatibu nini, kipimo kiasi gani. Daktari akikasirika, mwache akasirike, muulize tena. Mimi nikianza zamu huwa nawaambia mapema kabisa: dokta, mimi ni Mkurya, nitajie herufi.