Barua kwa mwanangu: RAV4 na CX-5, lipi linachanganya mwendo haraka zaidi?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Unauliza inakuwaje Toyota RAV4, ile haibridi ya kuchaji ya modeli za 2021 hadi 2025, iiache nyuma Mazda CX-5 ya turbo, wakati umesoma kwamba injini ya Toyota ina torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm (newton-mita) 227 na ya Mazda ina Nm 420. Halafu ukauliza kama hiyo nusu sekunde inayozitenganisha kufika kilomita 100 kwa saa ina maana yoyote kwa mtu anayebeba watoto kiti cha nyuma. Hilo la pili ndilo lililonifanya nikae niandike barua.

Nianze na torki. Hiyo Nm 227 ni ya injini ya petroli peke yake, lita 2.5, isiyo na turbo. Umeonyeshwa mashine moja kati ya tatu. Mbele pana mota ya umeme ya kilowati 134, ambayo nguvu yake inakaribiana na ya injini yenyewe, na nyuma kuna nyingine ya kilowati 40 inayozungusha magurudumu ya nyuma bila shafti yoyote kutoka mbele. Usizijumlishe, maana betri haiwezi kumimina umeme wote huo kwa mara moja. Nguvu ya gari zima inayotangazwa ni farasi 302. Mazda ile iliyoanza kupata turbo kwa modeli ya 2019 ina 250, tena ukiipa petroli ya daraja la juu, oktani 93 kwa kipimo cha Marekani. Ukiipa ya 87 inashuka hadi 227, na hili muuzaji asipoulizwa halisemi.

Lakini hata Nm 420 zingekuwa kweli karibu mara mbili, zisingetosha kukuambia nani atatangulia. Kati ya injini na gurudumu kuna gia, na gia huongeza torki huku ikipunguza mzunguko. Nguvu farasi ndiyo inayovuka giaboksi bila kubadilika, ukiacha kidogo kinachopotea kwa msuguano. Kwa hiyo gari likishakuwa kwenye mwendo, igawe nguvu hiyo kwa uzito. Toyota ina kilo 1,900 na ushee, Mazda kama 1,700. Utapata farasi kama 155 kwa kila tani kwa Toyota, kama 145 kwa Mazda, na kama 130 Mazda ikinywa petroli ya kawaida. Ndiyo maana Toyota inatangulia pamoja na unene wake.

Sasa hiyo nusu sekunde. Kabla hujaiamini, angalia ilivyopimwa. Marekani hupima kutoka 0 hadi maili 60, yaani kama kilomita 97 kwa saa, na wapimaji wengi wa huko huanza kuhesabu gari likishasogea futi moja, karibu sentimita 30. Toyota yenyewe inataja sekunde 5.7 kwa kipimo cha maili, na huko Ulaya sekunde 6.0 kutoka 0 hadi 100, kwa gari la aina ileile. Ukichukua namba ya mmoja kutoka bara hili na ya mwenzake kutoka bara lile, umelinganisha saa za wapimaji, magari hujayagusa.

Mimi namba hiyo ya 0 hadi 100 naiona haina kazi kubwa kwako. Wewe hutashindana na mtu kwenye taa. Namba ya kuitafuta ni 80 hadi 120, kwa sababu hapo ndipo mtu anapitia lori kwenye barabara ya njia mbili. Chukua kalamu: nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka 0 hadi 40 unaongeza kilomita 40 kwa saa, na kutoka 80 hadi 120 unaongeza 40 zilezile, lakini hizi za pili zinadai nishati mara tano ya zile za kwanza, na hapo bado sijahesabu upepo. Ukiwa 120 upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu mara mbili na robo ya ile ya 80.

Jiweke nyuma ya lori, mwendo 80, mbele kweupe. Unakanyaga mafuta. Mazda ina gia sita: inasita kidogo, inashusha gia, turbo inajaa, kisha inakuvuta kwa nguvu inayofurahisha kweli. Ule msito wa kwanza ni mfupi, lakini kwa mwendo huo kila sekunde unakula zaidi ya mita 22 za barabara. Toyota haina gia za kushusha. Mota inaitika papo hapo, injini inafuata nyuma yake ikipiga kelele ya sauti moja isiyopendeza, na lori linarudi nyuma. Kelele hiyo itakuudhi, ila muda unaokaa upande usio wako unapungua, na mimi kama mama nahesabu muda huo tu.

Breki nazo: kilo 200 za ziada za Toyota zinapaswa kusimamishwa pia, basi usikubali matairi ya bei rahisi juu ya gari lile.

Kama pa kuchajia unapo nyumbani, chukua Toyota. Kama hapapo, utakuwa unabeba betri nzito ya kilowati-saa 18 bila kufaidi sababu ya kuinunua, na hapo ningekwenda na Mazda bila kujuta, mradi petroli nzuri inapatikana unakopita.

Ukienda kuyajaribu, usiende peke yako. Jaza viti, weka mizigo nyuma, na Toyota ijaribu mara mbili: betri ikiwa imejaa, kisha ikiwa imeshuka. Mwenzako ashike saa kutoka 80 hadi 120, mahali palipo wazi na panaporuhusiwa. Niandikie namba mtakazopata kabla hujasaini chochote.

Mama yako