Mbwa wa kilo 30 apikiwe unga kiasi gani?

Mleta mada ana German Shepherd dume wa mwaka mmoja na nusu, hajahasiwa, kilo 30, mlinzi wa usiku. Anapikiwa robo kilo ya sembe na kiganja cha dagaa kwa siku, anaramba sufuria, na bado mbavu zinahesabika. Anauliza aongeze nini, na kiasi gani.

Mkuu, kinachokudanganya ni sufuria. Robo kilo ya unga ikishasongwa inatoa ugali wa karibu kilo nzima. Kwa macho mbwa kala hasa, ila sehemu kubwa ya hiyo kilo ni maji. Usipime ugali, pima unga mkavu.

Chukua kikokotoo cha simu. Zidisha uzito wake mara tatu: 30 × 30 × 30 ni 27,000. Bonyeza kipeuo cha pili mara mbili, utapata 12.8. Zidisha kwa 70, inakuja karibu 900. Hizo ni kilokalori (kipimo cha nguvu ya chakula) za siku moja za mbwa aliyejilaza tu. Kwa mbwa mzima asiyehasiwa zidisha kwa 1.8, aliyehasiwa kwa 1.6. Mtoto wa chini ya miezi minne ni mara 3, akivuka hapo mara 2 mpaka amalize kukua. Mnene unayetaka apungue usimzidishie kitu, na hesabu ufanye kwa uzito unaoutaka, si alionao. Wa kwako anahitaji kama 1,600.

Sasa tazama anachopata. Gramu 100 za sembe zina kama kilokalori 360, kwa hiyo robo kilo ni 900. Kiganja cha dagaa wakavu ni gramu 30 hivi, weka 90. Hata 1,000 hazifiki, na protini ndiyo ndogo mno.

Wengi hapa wangekwambia ongeza ugali. Mimi ningeacha unga palepale gramu 250, nipandishe dagaa hadi gramu 150 (kama kilokalori 450), kisha vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya kula (240). Jumla 1,590. Mafuta anza na nusu kijiko, upandishe taratibu kwa wiki nzima, la sivyo ataharisha na utasingizia dagaa. Dagaa waoshe mpaka maji yatoke bila mchanga, wachemshe bila chumvi, wape wazima na vichwa vyao, maana miba yao ndiyo kalsiamu. Wale wa baharini waliochemshwa kwa maji ya chumvi waloweke kwanza, umwage maji. Ongeza maini gramu 50 mara mbili kwa wiki. Hata hivyo ugali na dagaa haviwi chakula kamili, zinki hasa hupungua, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo mchanganyiko wa madini wa mbwa. Usimpe ule wa kuku.

Gawanya asubuhi na jioni. Mbwa mwenye kifua kirefu kama huyu akibugia mlo mmoja mkubwa kisha akakimbizwa, tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hapo saa chache tu zinatosha kumuua.

Hesabu hii ni ya kuanzia tu, mbwa na mbwa hutofautiana. Mpime kila baada ya wiki mbili: mbebe upande naye mzani, kisha panda peke yako, utoe. Halafu mpapase mbavu na ulinganishe na mkono wako. Zikiwa kama vifundo vya ngumi, kakonda. Zikiwa kama mgongo wa kiganja kilichonyooshwa, yuko sawa. Ukizitafuta kama mifupa iliyojificha ndani ya kiganja, kanenepa. Ongeza au punguza asilimia 10 kwa mara moja, si zaidi.

Lakini kabla ya yote, ni lini alipewa dawa ya minyoo? Kama miezi mitatu imepita, anzia hapo. Na ukimfunua mdomo ukakuta fizi zimepauka, hilo si suala la unga. Huenda ni minyoo inayonyonya damu au ugonjwa wa kupe, mpeleke akapimwe.

Mabaki ya pilau usimwekee, kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha. Na ule unga ulioingia ukungu unaouzwa bei ya kutupa kama "unga wa mbwa" ukwepe kabisa: sumukuvu huua ini la mbwa, na kupika hakuiondoi.

Ukihamia chakula cha mfuko, soma kilokalori zilizoandikwa, nyingi huwa 330 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo ni gramu 400 hadi 480 kwa siku. Tumia mzani wa jikoni, maana kikombe kinachotajwa kwenye mfuko si kile kikombe chako cha chai.