Nimekosa ajira ya ualimu, je nikiingia kwenye parachichi nimekata tamaa na Mungu?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Niko Uyole hapa Mbeya, nina digrii ya ualimu, Historia na Jiografia. Kila usaili naenda ila jina halitoki. Mama mdogo anasema nimefungwa nyota, kuna mtu Tukuyu anafungua. Rafiki yangu anataka tukanunue parachichi Rungwe, ila baba anaona nikiacha kusubiri ajira nimekata tamaa na Mwenyezi Mungu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah kijana wangu. Pole, najua inavyouma kushuka na majina kwenye simu mpaka mwisho halafu unarudia tena kutoka juu labda umelipita lako.

La nyota nalimaliza haraka, usiende. Mtume (s.a.w) kasema anayemwendea mpiga ramli akamuuliza kitu swala zake hazikubaliwi siku 40, ipo kwenye kitabu cha hadithi cha Imam Muslim. Walimu wa masomo ya sanaa ni wengi na nafasi chache, hilo nalo linataka mganga?

Sasa la baba. Kukata tamaa na rehema za Allah ni dhambi kweli, ila kubadili kazi siyo kukata tamaa. Abdurrahman bin Auf, swahaba wa Mtume, alifika Madina mali kaiacha Makka, mwenyeji wake Saad bin Rabii akataka kumgawia nusu ya mali yake, yeye akasema Allah akubarikie, nionesheni soko liko wapi, akaanza na jibini na samli. Na wewe usione aibu kubeba kreti kisa digrii. Tangazo la ajira likitoka omba tu, nani kakwambia uchague moja?

Wasiwasi wangu mimi uko kwenye kununua. Kuna walanguzi wanamfuata mkulima mti bado una maua, hasa wakijua ana shida ya ada, wanamtupia hela kidogo eti shamba lote langu. Hiyo haifai, Mtume amekataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kufaa, akauliza Allah akiyazuia hayo matunda mtu atakula mali ya ndugu yake kwa lipi? Na huko juu mvua ya mawe mnaijua wenyewe. Subirini yakomae, yachumwe, mpime kwa kilo mbele ya mwenye shamba, mlipe palepale. Na mizani iwe nzima jamani, siyo ile ya kuchezewa.

Mtaji msiguse mikopo ya kausha damu, hiyo ni riba tupu. Halmashauri kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani inakopeshwa bila riba, asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana ila mpaka muwe kikundi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awaeleze.

Istikhara, yaani kumuomba Allah akuchagulie lenye kheri, swali rakaa mbili na dua yake, usikae kusubiri ndoto, ukimaliza anza kazi. Baba usibishane naye, siku ya kwanza nenda naye shambani aone hesabu zinavyopigwa, ila hela ya mtaji msimuombe yeye.