Kabla hujaulizia fomu ya mkopo wa halmashauri

Tangu mikopo ya asilimia 10 irejeshwe mwaka 2024, kina mama wengi hapa Mbeya wananipigia kuuliza fomu inapatikana wapi. Mimi huwauliza kwanza: kikundi chenu kina muda gani?

Nauliza kwa sababu sisi tulianzia mwisho. Tulikuwa watano hapa Uyole: huyu anauza viazi, yule mitumba, mimi unga wa lishe. Tukasikia kuna fedha isiyo na riba, na kwamba sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wiki hiyohiyo tukajiita kikundi. Usiku mmoja nikanunua daftari, nikaandika mihutasari ya miezi sita ya vikao ambavyo hatukuwahi kukaa.

Afisa maendeleo ya jamii alilifunua taratibu. Kalamu ileile, mwandiko uleule, Januari mpaka Juni hakuna hata ukurasa uliokunjika kona. Akanirudishia kwa mikono miwili. "Dada, nendeni mkakae vikao kwanza." Nilitoka nimeinamisha kichwa.

Basi tukakaa kweli, kila Jumatano jioni, tukiweka hisa na kukopeshana kidogokidogo. Mwezi wa pili wawili wakajitoa, tukatafuta wengine. Nashukuru waliondoka mapema, maana mkopo wa kikundi ni deni la wote. Mmoja akihama kimyakimya, waliobaki ndio wanaofuatwa.

Tulipokuwa tayari, Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo ili ipange utaratibu upya. Nilishuhudia vikundi vikivunjika mwezi uleule, kwa kuwa mkopo ndio pekee uliowakutanisha. Sisi Jumatano zetu ziliendelea.

Muda huo wa kusubiri ndio ulioniingiza SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, na natamani ningekwenda miaka mingi nyuma. Shirika hili lipo tangu 1973, Mbeya wapo, Iringa wapo. Soya yangu nilikuwa naikaanga nusunusu, uji unabaki na harufu ya maharage mabichi na mimi nadhani wateja wanadeka. Huko nikajifunza kukaanga, kufungasha na kuweka lebo. Barua yao ya utambulisho ndiyo mjasiriamali mdogo anayoanza nayo safari ya alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na bila alama hiyo maduka mengi hayapokei mzigo wako.

Mkopo ulipotoka tulinunua mashine ya kusaga, moja, ya wote. Msigawane hela hiyo, nawaomba sana. Ikishagawanywa inageuka ada ya shule na bati za nyumba, na marejesho yanakosa pa kutokea.

Kama kikundi chenu bado kichanga, kaeni wiki hii. Mwandike siku hiyohiyo, na kila aliyefika asaini mwenyewe.