Mwanangu anashinda maskani, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Kijana wangu ana miaka 15, akitoka shule anashinda maskani na wakubwa zake, juzi wenzie wawili wamekamatwa kwa wizi wa simu. Nikimfungia ndani anaruka dirisha. – Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kumfungia hakusaidii, ile saa kumi mpaka magharibi ndo yenye hatari maana wazazi wote tuko kwenye biashara na mtoto hana pa kwenda. Mpira upo, Tanga hii ndo ya Coastal Union waliobeba ubingwa 1988, ila mpira bila mtu mzima uwanjani unakuwa maskani nyingine tu, kwahiyo tafuteni mzee mmoja hapo mtaani aliyecheza zamani, mchangishane mipira, awe anawaita majina kila jioni na asiyekuja aulizwe kwao siku hiyohiyo. Nawe nenda ukakae pembeni uangalie, watoto wanajua nani anawaangalia! Hao waliokamatwa msiwatenge jamani, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, wazazi wao wamuone afisa ustawi wa jamii mapema. Na baba yake mbona hujamtaja? Aanze leo kumuuliza kijana kashinda wapi, kacheza na nani.