Kabla hujawaambia wanafunzi walete chupa

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa Dodoma, mada ya taka ikifika usiwaambie watoto "kesho kila mtu aje na chupa tupu". Mimi nilisema hivyo mwaka wangu wa kwanza. Kesho yake mmoja kaja na chupa inanuka alizeti, na saa nne mama yake yuko mlangoni: "Mwalimu, hiyo ndiyo chupa yangu ya mafuta. Mtoto kayamiminia kwenye kikombe." Wengine walinunuliwa maji dukani ili chupa ipatikane. Nami nilikuwa nafundisha kupunguza taka!

Nyumba nyingi za huku chupa si taka. Ina kazi ya kubeba maziwa, asali, mafuta. Kwa hiyo anzia kwenye jalala la shule, watoto waone wenyewe kinachotupwa kweli: vifuko vya ubuyu, karatasi za biskuti, kalamu zilizokwisha. Mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini vifungashio vidogo bado vipo tele.

Kuna kosa tunalirudia sana walimu: chupa ikigeuzwa chungu cha maua tunasema tumerejeleza. Hapana, hapo tumeitumia tena, kama chupa ya soda ya kioo ambayo Mangi mwenye duka hakuachii uondoke nayo, inarudi kiwandani kuoshwa na kujazwa. Kurejeleza ni sufuria iliyotoboka kuyeyushwa ikatoka sufuria nyingine.

Kipindi kinachonoga ni cha ndoo. Kata chupa ya maji vipande vidogo, kata na kifuniko chake, changanya, tia kwenye ndoo ya maji. Wape watoto nafasi ya kubashiri kwanza. Vipande vya chupa vitazama, vya kifuniko vitaelea. Kipande cha chupa kikigoma kuzama, kisugue kwa vidole, ni kiputo cha hewa kimekishika. Hapo darasa zima litaelewa kwamba ni plastiki mbili tofauti, na viwandani pia hutenganishwa kwa maji namna hiyo. Kisha wageuze chupa nzima wasome tarakimu 1 kwenye pembetatu ya kitako, inayotaja aina ya plastiki.

Hesabu nayo inaingia. Wanunuzi wa makopo, yaani chupa tupu za plastiki, hupima kwa kilo, na chupa ya nusu lita ina gramu kumi na kitu tu. Waulize kilo moja inataka chupa ngapi. Kwanza watasema kumi.

Kwenye jambo moja usilegee: kopo la dawa ya kunyunyizia zabibu halioshwi likatiwa maji ya kunywa, hata liwe zuri vipi. Watoto wa wakulima waambie mara mbili. Betri zilizokwisha nazo wasizichezee.

Na kiroba cha makopo kifunge kamba, ukiwekee jiwe. Upepo wa Agosti hapa ulinitawanyia makusanyo ya wiki tatu hadi uwanja wa mpira, tukaanza kuokota upya.