Kopo la Blue Band chini ya kaunta

Mpwa wangu ameanza kazi ya ukeshia mwezi huu, dukani huko Mwanza. Siku ya nne akanipigia: "Shikamoo mama mdogo. Hivi nikifunga hesabu nikakuta ziada, naifanyaje? Wenzangu wanasema niweke pembeni, itanisaidia siku ya shoti, pesa ikipungua."

Nilicheka. Maneno hayohayo niliambiwa na dada aliyenikabidhi droo yangu ya kwanza, tena yeye alinikabidhi na kopo kabisa.

Ilikuwa 2009, duka la vifaa vya ujenzi pale Buguruni, Dar es Salaam. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo hayakunifikisha chuo, na mwenye duka, Mzee, alikuwa jirani wa shangazi. Kazi yangu ilikuwa kupokea pesa, kuandika risiti ya mkono na jioni kufunga hesabu. Pesa ikipungua nakatwa mshahara. Ikizidi, Mzee hakuwahi kuniambia nifanye nini, ndiyo maana kulikuwa na kopo la Blue Band chini ya kaunta. Leo imezidi elfu mbili, inaingia koponi. Kesho imepungua elfu moja na mia tano, inatoka koponi. Daftari linasoma sawasawa kila siku, Mzee anasaini, tunashusha geti. Hakuna hata shilingi iliyokwenda nyumbani kwangu, na kwa akili yangu ya miaka ishirini nilijihesabu mwaminifu.

Mwezi wangu wa tatu hivi kazini akaja mama mmoja muuza vitumbua. Tulimzoea, alikuwa anajenga chumba chake kidogo kidogo, leo mifuko miwili ya saruji, mwezi ujao nondo nne. Safari hii hakuja kununua.

"Mwanangu, juzi chenji uliyonipa haikutimia. Imepungua elfu kumi."

Mzee alikuwepo. Akafungua daftari, akashusha kidole hadi kwenye tarehe ile. Mauzo na pesa vinalingana, saini yangu ipo, yake ipo. "Mama, ingekuwa imebaki hapa tungeiona. Labda imekudondoka kwenye daladala."

Mama akanitazama mimi. Nilikumbuka vizuri sana. Jioni ile ulizidi msimbazi mmoja kamili, noti ya elfu kumi, nikaukunja mwenyewe nikausukuma koponi, na kesho yake ukaziba shoti. Nikanyamaza. Akajifunga kitenge chake upya, akasema "Haya, Mungu anajua," akaenda zake.

Hapo ndipo nilipoelewa kopo lile lilikuwa linafanya nini. Ziada ina mwenyewe. Ni chenji ya mtu, au ni bei niliyomzidishia mtu. Shoti nayo ina pa kutokea, pengine nimeuza mzigo kwa bei ya zamani, pengine kuna mkono droo inaujua. Ukiziba hii kwa ile, vyote viwili vinapotea na hakuna atakayevitafuta tena. Daftari langu safi ndilo lililomgeuza mama wa watu kuwa mwongo mbele ya watu.

Nisijipambe. Ilinichukua siku mbili kusema. Nilimngoja Mzee amalize chai, nikaweka kopo mezani, nikaeleza. Hakunisifu hata kidogo. Alinyamaza, akauliza, "Kwa hiyo miezi mitatu mimi nasaini uongo?" Akatoa elfu kumi, akaitia kwenye bahasha ya yule mama, akaikata kwenye mshahara wangu, na kuanzia siku hiyo nikahamishiwa stoo.

Stoo nilikaa miezi minane, na karibu kila wiki nilitaka kuacha. Ukipanga kazi ya kwanza kichwani, hujioni chini ya bati la moto unapima misumari ya inchi nne kilo kwa kilo, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Kaka wa stoo hakuwa na maneno mengi. Aliniambia nihesabu kila kitu mara mbili, mara ya pili nikianzia upande mwingine, na niandike kwa kalamu ya wino ili nikikosea kosa lionekane limekatwa.

Ila ujuzi wote ninaoutumia mpaka leo niliupata kule. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa ifike kilo kumi na nusu na zaidi kidogo. Ukiibeba ukaisikia nyepesi, ipime, huenda umeuziwa hafifu. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Wateja wengi wanadhani namba kubwa ndiyo bati zito, na muuzaji mwenye tamaa anawaacha wadhani hivyo. Kila mteja aliyeniuliza nilimweleza. Wengine walinishukuru, wengine waliona nataka tu kuwauzia la bei ghali.

Niliporudi kaunta nikakutana na mafundi wa cha juu. Bei ni laki tatu, fundi anataka risiti iandikwe laki tatu na nusu ili tofauti aitoe kwa mwenye nyumba. Nikikataa anavuka barabara, anaandikiwa duka la pili, na Mzee ananung'unika kwamba ninafukuza wateja. Sitadanganya kwamba uaminifu wangu ulituletea wateja zaidi. Mwezi ule mauzo yalishuka. Mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zilipoingia kuanzia 2010, Mzee akawa wa kwanza kukemea cha juu. Risiti ya mashine ikizidishwa, duka linailipia VAT ya asilimia 18 kwa pesa ambayo halijaipata. Basi. Kila mtu ana mlango wake wa kuingilia kwenye dini.

Uvumilivu nao usieleweke vibaya. Mzee alinikatia pesa niliyoikosea na alinilipa iliyobaki, tena kwa wakati. Rafiki yangu wa mtaa wa pili alivumilia bosi asiyelipa kwa miezi mitano. Huyo nilimwambia aondoke, na nilichelewa kumwambia.

Kwa hiyo mpwa wangu nimemjibu hivi. Ziada iandike siku hiyohiyo, kiasi na saa, na ukimkumbuka mteja mwandike na yeye. Shoti usiizibe kwa pesa ya mfukoni kimyakimya, hata kama ni mia tano. Itaje, ukatwe kama ni kukatwa, na chanzo kitafutwe. Utaumia sasa kosa likiwa la elfu mbili, kuliko kuja kuzoea kufichaficha ukiwa umekabidhiwa milioni.

Yule mama hakurudi. Bahasha niliiacha kwenye droo ya Mzee nilipoondoka 2013, jina lake halimo, imeandikwa tu "mama vitumbua, chenji".

Jana usiku mpwa wangu ametuma ujumbe: "Ziada 3,500. Nimeiandika. Msimamizi kanicheka." Nimemuuliza kama ameandika na saa.